Meli au Manowari? Maisha ya Kazi ya Liemba na Neno Chombo katika Kiswahili

Katika Kiswahili, neno chombo lina maana mbili zinazokaa pamoja bila ugomvi. Chombo ni kifaa cha kufanyia kazi. Chombo pia ni kitu cha kusafiria majini. Neno lenyewe halitaji ni kazi gani. Linadokeza tu kwamba kazi ipo, na kwamba yupo anayekituma chombo hicho. Mhadhara huu unalifuata neno hilo katika maisha ya meli moja iliyoundwa kwa ajili ya abiria na shehena, ikatwaliwa na vita, kisha ikarudi kazini.

Msamiati wa majini ni mahali pazuri pa kuanzia. Merikebu na baharia ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na nahodha asili yake ni Kiajemi. Meli na manowari yalikuja baadaye kutoka Kiingereza: la kwanza kutokana na neno lenye maana ya barua za posta, la pili kutokana na jina la meli ya vita. Ni dhahiri kuwa maneno hayo mawili yalitofautisha vyombo vya wageni kwa kazi yake: hiki huleta barua, hiki hupigana. Swali la mhadhara huu ni je, chombo kimoja kikibeba kazi zote mbili, kiitweje?

Meli inayohusika iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilikusudiwa kuunganisha Reli ya Kati na bandari za Ziwa Tanganyika. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha takriban 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikapelekwa Kigoma, ambako reli ilifika mwanzoni mwa mwaka 1914. Ilipewa jina Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana aliyetawala wakati Vita vya Maji Maji vilipokandamizwa. Hivyo, hata kabla ya kubeba mzinga, jina lake lilikwisha kubeba vita.

Vita Kuu ilianza mwaka 1914, meli ikiwa bado inaunganishwa. Iliposhushwa majini tarehe 5 Februari 1915, aliyeitaka hakuwa tena mfanyabiashara bali jeshi. Ilifungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyokuwa imezamishwa kwenye delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Hata hivyo, kazi yake kubwa haikuwa kupigana. Ilikuwa kubeba askari na vifaa kati ya Kigoma na kusini mwa ziwa, upande wa Kasanga. Kwa maneno mengine, manowari hiyo iliendelea kufanya kazi ya meli. Kilichobadilika ni shehena.

Hatima yake iliamuliwa mbali na ziwa. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipita Taveta na kuingia Moshi, chini ya miteremko ya Machame na Masama, mahali ambapo reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika tangu mwaka 1911. Kutoka Kilimanjaro yalielekea kusini kuikata Reli ya Kati, wakati Wabelgiji wakisonga kutoka magharibi. Meli ya Kigoma ilitegemea reli. Reli ikiwa hatarini, chombo hakina shehena wala pa kuipeleka. Mzinga wake ulikwisha kuondolewa ili utumike nchi kavu.

Tarehe 26 Julai 1916 mafundi wa Kijerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kufanya hivyo waliipaka mitambo grisi nzito, wakitumaini kuwa siku moja ingeibuliwa. Methali husema kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki kilizamishwa kikiwa na usukani wake na mitambo iliyotunzwa. Wabelgiji walikiibua, kikazama tena. Waingereza wakakiibua tarehe 16 Machi 1924. Mwezi Mei 1927 kilirudi kazini kikiwa na jina jipya: Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika kuwa ndilo lililotumiwa na wenyeji kuliita ziwa upande wa kusini.

Kuanzia hapo Liemba ilibeba abiria, mahindi na dagaa kwa miongo mingi. Katika vituo visivyo na gati, mitumbwi iliifuata majini kushusha na kupakia. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ilibadilishwa kuwa ya dizeli. Vita viliiita tena, lakini kwa sura nyingine: mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Kongo kwao, na mwaka 2015 ilihamisha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Katika safari hizo haikuhitaji mzinga ili itumikie vita. Ilihitaji nafasi tu.

Hapa ndipo taaluma ya lugha inapopata kazi yake. Masimulizi ya kawaida hutaja mafundi watatu wa Kijerumani walioiunganisha: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wenyeji waliobeba mabamba, waliopigilia ribiti na waliolisha tanuri zake hawatajwi kwa majina. Wamebaki katika nomino za jumla: kuli, mpagazi, hamali, baharia. Nomino hizo ndizo kumbukumbu yao, na mtafiti anayezipuuza huwazika mara ya pili.

Kwa kuhitimisha, Liemba ilikuwa manowari kwa muda usiofika miaka miwili, na meli kwa takriban karne nzima. Vitabu vya vita vimeikumbuka kwa mzinga wake. Watu wa ziwa wameijua kwa mizigo yao. Msamiati wa watu hao, wa kupakia, kupakua na kuvuka, unastahili kukusanywa mapema, wangali wapo wanaoutumia. Chombo huweza kuibuliwa baada ya miaka minane chini ya maji. Neno lililozama pamoja na msemaji wake wa mwisho haliibuliwi.