Ukubwa, Vitufe na Mabadiliko: Mkataba wa Wijeti katika Violesura vya Matini

Kiolesura cha matini ni sura ya programu inayochorwa kwa herufi tupu ndani ya terminali, yaani kifaa au dirisha linalopokea mkondo wa herufi na kuzipanga katika mistari na safu. Wapo wanaovihesabu violesura hivi kuwa masalio ya zama zilizopita, ilhali wasimamizi wa seva wanavitumia kila siku na maktaba mpya za kuvijenga zinaendelea kuandikwa. Maktaba hizo hujengwa juu ya wijeti, ambayo ni kipande cha kiolesura kinachojitegemea, kama vile sehemu ya kuandikia, orodha au kitufe cha skrini, kinachojua namna ya kujichora na namna ya kuitikia kibodi. Mhadhara huu unashikilia kwamba thamani ya maktaba ya wijeti haitokani na visanduku na rangi zake, maana hivyo mtu yeyote anaweza kuvichora, ila inatokana na mkataba inaouweka kati ya vipande vya programu kuhusu mambo matatu: nani anaamua ukubwa, nani anapokea kitufe kilichobonyezwa, na nani anatangaza kwamba kitu kimebadilika.

Ili mkataba huo ueleweke, inafaa kwanza kutazama uwezo mdogo wa terminali yenyewe. VT100, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, ilikuwa na mistari 24 yenye safu 80, yaani seli 1,920 za herufi, na amri zake zilipita katika mkondo uleule wa maandishi, zikitanguliwa na herufi namba 27 ya jedwali la ASCII, iitwayo Escape. Herufi hiyo ikifuatwa na [5;10H, kielekezi huenda mstari wa 5, safu ya 10; ikifuatwa na [2J, skrini nzima hufutwa. Programu za terminali za leo bado huiga kifaa hicho kwa uaminifu mkubwa. Terminali haijui orodha wala fomu, wala haina habari kwamba herufi hizi ni jina la mgonjwa na zile ni ukingo wa kisanduku. Maana yote hubaki upande wa programu.

Ufinyu wa njia ya mawasiliano ndio uliozaa nidhamu ya kwanza. Katika laini ya simu ya biti 300 kwa sekunde, ambayo hupitisha herufi 30 hivi kila sekunde, kuichora upya skrini ya seli 1,920 huchukua sekunde 64, na hata laini ya biti 9,600 huhitaji sekunde 2. Maktaba ya curses, iliyoandikwa na Ken Arnold katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, karibu na mwaka 1980, ilijibu tatizo hilo kwa kuweka nakala mbili za skrini katika kumbukumbu, moja ikionesha hali ilivyo na nyingine hali inavyotakiwa kuwa, kisha kuzilinganisha na kutuma tofauti peke yake. Arnold aliitegemeza kazi yake kwenye msimbo wa kusogeza kielekezi ambao Bill Joy alikuwa ameuandika kwa ajili ya kihariri cha vi, na mchezo wa Rogue ukawa miongoni mwa programu za mwanzo kuitumia maktaba hiyo.

Nidhamu hiyo ina maana ya pekee kwa Afrika Mashariki. Kabla ya waya wa bahari wa SEACOM kufika pwani mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya eneo hili yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kiasi kwamba herufi iliyotumwa kwenye seva iliyoko ng'ambo ilichukua takriban nusu sekunde kurudi kwenye skrini. Waya za bahari zimeipunguza sana adha hiyo, lakini zenyewe hukatika, kama ilivyotokea Mei 2024 zilipokatika EASSy na SEACOM kwa pamoja, na katika siku za namna hiyo programu inayotuma makumi machache ya baiti kwa kila badiliko huendelea kufaa.

Hata hivyo curses ya asili iliishia kwenye kuchora, na mwandishi wa programu aliachiwa kuhesabu mwenyewe kila mstari na kila safu. Mfano unaofaa wa hatua iliyofuata ni Urwid, maktaba ya lugha ya Python iliyoanzishwa na Ian Ward. Wijeti za Urwid ni za aina tatu kulingana na swali la ukubwa. Wijeti ya kisanduku hupewa na mzazi wake idadi ya safu na idadi ya mistari, nayo hulazimika kuvijaza vyote viwili; wijeti ya mtiririko hupewa idadi ya safu tu, kisha hutakiwa kujibu yenyewe kwamba kwa upana huo itahitaji mistari mingapi; na wijeti isiyobadilika haipewi chochote, kwa kuwa ukubwa wake inaujua tangu mwanzo. Mzazi hapa ni wijeti inayobeba wijeti nyingine, hivyo kiolesura kizima huwa mti, na swali la ukubwa hushuka kutoka shinani hadi kwenye majani. Wijeti ikiahidi mistari mitatu halafu ikarudisha minne, maktaba huisimamisha programu kwa kosa, nayo hufanya vyema, kwa sababu ahadi iliyovunjwa kimyakimya ingeharibu mpangilio wa majirani wote.

Faida ya utaratibu huo huonekana mara tu programu inapotafsiriwa. Mahali palipotengewa seli 8 kwa ajili ya neno fupi la Kiingereza hapawezi kupokea maneno "Hifadhi mabadiliko", ambayo pamoja na nafasi kati yake yanahitaji seli 18, na programu iliyopangwa kwa namba za safu zilizoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo huyakata katikati au huyamwaga juu ya maandishi mengine. Wijeti ya mtiririko hupewa upana uliopo, huvunja mstari penye nafasi, kisha humweleza mzazi kwamba sasa inahitaji mistari zaidi. Ndivyo inavyokuwa pia mtumiaji anapolipunguza dirisha: mfumo endeshi huitumia programu ishara ya SIGWINCH, na swali lilelile la ukubwa huulizwa upya kuanzia shinani. Mwandishi wa programu anayefikiria Kiswahili tangu mwanzo ana kila sababu ya kuukataa mpangilio wa namba zisizobadilika.

Kuhusu vitufe vya kibodi, mkataba wa Urwid ni mfupi na wa kupendeza: wijeti inayopokea kitufe ama hukitumia na kurudisha kitu tupu, ama hukirudisha kitufe chenyewe, jambo linalomaanisha kwamba hakikuihusu. Ichukuliwe fomu ya zahanati yenye sehemu ya jina la mgonjwa na, chini yake, sehemu ya maelezo yenye mistari kadhaa, zote zikiwa ndani ya wijeti ya rundo inayowapanga watoto wake juu kwa chini. Karani aliye kwenye mstari wa pili wa maelezo akibonyeza mshale wa juu, sehemu ya maelezo hukisogeza kielekezi hadi mstari wa kwanza, na habari huishia hapo. Akibonyeza tena, sehemu hiyo haina pa kupandisha kielekezi, hivyo hukirudisha kitufe kwa rundo, nalo huuhamishia uangalizi, yaani zamu ya kupokea vitufe, kwenye jina la mgonjwa. Akibonyeza kitufe ambacho hakuna wijeti iliyokitaka, kitufe hicho hupanda hadi kwenye mzunguko mkuu wa programu, ambako mwandishi anaweza kuweka amri za jumla kama kutoka au kupata msaada. Hakuna wijeti hata moja inayohitaji kuwajua majirani zake, na kwa sababu hiyo sehemu ya maelezo inaweza kung'olewa na kupelekwa kwenye programu nyingine bila kuguswa.

Jambo la tatu, yaani mabadiliko, linaweza kuelezwa kwa ufupi. Urwid huhifadhi mchoro wa mwisho wa kila wijeti na kuutumia tena hadi wijeti yenyewe itakapotangaza kwamba mchoro huo umepitwa na wakati, na tangazo hilo huibatilisha pia michoro ya wazazi iliyoutegemea. Anayeunda wijeti yake mwenyewe na kusahau kutangaza ataona skrini isiyobadilika hata kama data imebadilika.

Maktaba nzuri haifuti kila udhaifu wa terminali. Mshale wa juu hutumwa kama Escape ikifuatwa na [A, wakati kitufe cha Escape hutuma herufi hiyohiyo namba 27 ikiwa peke yake, hivyo programu haina budi kusubiri kidogo ili itambue kilichobonyezwa, na ncurses, mrithi huru wa curses, husubiri kwa kawaida hadi milisekunde 1,000. Hati za Kiswahili cha kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazioneshwi ipasavyo na terminali nyingi, kwa kuwa seli zimepangwa kutoka kushoto na herufi zinazoungana hazikufikiriwa. Lililo zito zaidi ni kwamba programu za kuwasomea skrini wasioona hupata shida kubwa, maana huletewa seli zilizobadilika bila kuambiwa kwamba hiki ni kitufe na ile ni orodha. Kwa mtumiaji huyo, amri za mstari mmojammoja humfaa kuliko kiolesura cha wijeti, na kila programu ya terminali inayokusudiwa kwa umma inapaswa kumwachia njia hiyo.

Idara za kompyuta za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zinaombwa kulipa somo hili nafasi katika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa zana za kujengea kurasa za wavuti. Mwanafunzi aandike wijeti moja ya mtiririko kwa mkono wake, yenye lebo za Kiswahili, inayojibu swali la mistari, kurudisha kitufe isichokihitaji na kutangaza mabadiliko yake. Kompyuta kuukuu isiyo na intaneti inatosha kwa kazi hiyo.