Mpunga na Adui Yake: Mazungumzo kwa Wakulima wa Morogoro na Uluguru



Leo twapenda kusema habari za vita inayopiganwa kila mwaka katika mashamba yetu ya mpunga, wala hatuioni kwa macho wala hatuisikii kwa masikio. Hupiganwa Kiroka na Matombo chini ya milima ya Uluguru. Hupiganwa Dakawa, na bondeni Kilombero. Mpunga ukishinda, twala na kuuza. Ukishindwa, twapura mapepe. Basi yatupasa kujua jinsi mpunga unavyojilinda, ili tusije tukamsaidia adui kwa mikono yetu wenyewe.

Adui huyo ni kuvu, jamaa ya ukungu uotao juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Wataalamu huiita Magnaporthe oryzae, na ugonjwa wake huitwa blasti. Dalili zake wengi wenu mmeziona. Majani hutokewa na madoa yenye umbo la jicho, katikati rangi ya majivu na pembeni rangi ya kahawia. Ugonjwa ukishika shingo ya suke, shingo huwa nyeusi na kukatika, na suke husimama jeupe bila punje.

Mbegu za kuvu hii ni kama vumbi, nazo huchukuliwa na upepo. Moja ikiangukia jani lililolowa, hujigandisha, humea, kisha hufanya kifuko kidogo cheusi chenye ukuta mgumu. Maji huingia humo na kusukuma kwa nguvu ifikayo mara 80 ya mkandamizo wa hewa ituzungukayo. Gurudumu la motokaa halina hata sehemu ya thelathini ya nguvu hiyo. Ndipo kifuko hicho husukuma mzizi mwembamba kama sindano, ukatoboa ngozi ya jani. Lakini kazi hii yataka jani likae limelowa kwa saa nyingi. Ndiyo maana umande mzito na mawingu yashukayo milimani humpendeza sana adui yetu.

Je, mpunga hufanya nini? Hauwezi kukimbia, wala hauna damu ya kuchukua askari toka mahali hata mahali. Walakini mwili wake wote umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na kila seli ina walinzi wake. Walinzi hao ni protini, yaani molekuli zilizokunjwa kila moja kwa umbo lake, kama ufunguo na kufuli.

Mlinzi wa kwanza hukaa nje, juu ya ngozi ya seli. Ukuta wa kuvu una kitu kiitwacho kitini, ambacho ndicho kilicho katika gamba la panzi na la kaa. Mpunga wenyewe hauna kitini mwilini mwake. Kwa hiyo ukigusa vipande vya kitini hutambua mara moja kwamba mgeni amefika. Protini inayovishika vipande hivyo huitwa CEBiP. Wataalamu wa Japani waliitangaza mwaka 2006. Hiyo hushirikiana na mwenzake aitwaye CERK1 kupeleka habari ndani. Hapo seli huamka: hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile iliyotumiwa na watu kuoshea vidonda, hunenepesha kuta zake, hutengeneza vimeng'enya vya kukatakata kitini, na hupika sumu za kumzuia adui, mojawapo ikiitwa momilaktoni.

Lakini adui naye ana hila. Kuvu hutoa protini iitwayo Slp1, ambayo huvishika vile vipande vya kitini kabla mlinzi hajavigusa, kama mwizi afutaye nyayo zake. Kisha hupenyeza protini nyingine ndani ya seli ili kuzivuruga kazi zake.

Kwa sababu hiyo mpunga una walinzi wa pili, wakaao ndani. Hawa hutengenezwa kwa maagizo ya jeni, yaani urithi utokao katika mbegu. Katika miaka ya 1940 mtaalamu Harold Flor wa Marekani, aliyechunguza kutu ya kitani, alionyesha kwamba jeni moja ya kinga katika mmea hukabili jeni moja ya adui. Kila mlinzi wa namna hii hujua alama maalumu ya adui wake. Katika mpunga mmoja wao huitwa Pi-ta. Ni mnyororo wa viungo 928. Nacho kiungo cha 918 kikibadilika peke yake, mlinzi huwa kipofu na shamba huugua. Tazameni jinsi jambo kubwa linavyotegemea kitu kidogo!

Mlinzi wa ndani akimtambua adui, seli iliyoingiliwa hujiua yenyewe pamoja na jirani zake chache. Msishangae. Moto wa nyika ukija, watu huchoma ukanda mbele yake ili ukose cha kula. Mpunga hufanya vivyo hivyo, na kwenye jani huonekana vidoa vidogo tu visivyoenea.

Huenda mtu akauliza, "Mbona walinzi hawa wasikeshe wote siku zote?" Ni kwa sababu vita hula chakula. Mmea upiganao daima hudumaa na kutoa punje chache.

Sasa tufike kwenye neno letu kubwa. Mlinzi humjua adui kwa alama, na kuvu yaweza kuibadili alama hiyo au kuitupa kabisa. Shamba likiwa la mbegu moja, na bonde zima vivyo hivyo, walinzi wote huwa na macho ya namna moja. Kuvu moja ikipata hila ya kuwapita, imewapita wote. Jirani zetu waliliona jambo hilo katika ngano: mwaka 1998 huko Uganda ilionekana kutu ya shina iliyoshinda jeni iitwayo Sr31, ambayo ilitegemewa katika nchi nyingi za ulimwengu. Kutu hiyo ikaitwa Ug99, ikavuka hata Kenya na mbali zaidi.

Kinyume chake, katika jimbo la Yunnan, China, mwaka 1998 na 1999, wakulima walipanda mpunga wa kunata, unaougua upesi, kwa kuchanganya mistari yake na mistari ya mpunga wenye kinga. Blasti katika mpunga ule wa kunata ilipungua kwa asilimia 94, na mavuno yake yakazidi kwa asilimia 89 kuliko ulipopandwa peke yake.

Basi, ndugu zetu, fanyeni haya. Msiache mbegu za wazee zipotee kwa sababu mbegu mpya imekuja. Pandeni zaidi ya aina moja. Msichukue mbegu katika shamba lililougua, na mabua yake msiyaache yalale shambani. Mbolea ya urea itieni kwa kiasi, tena kwa vipindi, maana ikizidi majani hulainika na blasti hustawi. Majivu ya maganda ya mpunga msiyatupe. Yana silika, nayo huyafanya majani kuwa magumu. Na mkiona alama za jicho, pelekeni habari kwa bwana shamba, au kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro, kabla masuke hayajatoka. Waalimu nao wawaonyeshe watoto majani yenye ugonjwa, wajifunze kuyatambua mapema.

Mpunga una walinzi wake, nao ni hodari. Walakini ni sisi tunaochagua mbegu, na kwa kuchagua mbegu twachagua walinzi. Tusiwachague wote wa namna moja.