Kitambaa Kilichobaki Sandukuni

Leo twapenda kuzungumza juu ya kazi ya kufuma kwa kroshia, na hasa twanena na mama zetu na dada zetu wa Musoma, Bunda na Butiama, wauzao kazi ya mikono yao.

Kitambaa cha meza huchukua siku nyingi. Kikiisha, aliyekifuma hukitazama, akaona ua moja limekazwa kuliko mwenziwe, na moyo humwambia, "Bado." Basi hukifumua, akaanza tena. Sisi wenyewe tumepatwa na jambo hili. Tuliagizwa vitambaa vya arusi. Kile cha kati tukakifumua mara tatu kwa ajili ya dosari ambayo hata sisi tuliitafuta kwa kidole. Tulipomaliza, arusi ilikwisha pita, mwenye kuagiza alikwisha nunua vya dukani, na deni la uzi lilikuwa lingali shingoni mwetu.

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni kweli. Lakini chema kilichofungiwa sandukuni kitajiuza kwa nani?

Hatusemi kwamba kazi mbovu iuzwe. Yapasa kupambanua baina ya kosa na alama ya mkono. Mvuvi wa Mwigobero hautupi wavu wake kwa kuwa fundo moja ni nene. Lakini jicho lililokatika hulishona kabla ya kwenda ziwani, maana samaki atapita papo hapo.

Basi kagueni kazi yenu kwa mambo matatu. Kwanza, vuteni ncha za uzi. Katika kroshia kila kitanzi hushikwa na kinachofuata, na cha mwisho kisipofungwa, kazi hufumuka. Pili, kilazeni kitambaa cha duara mezani. Kikiinuka kama bakuli, huenda vitanzi vimepungua. Ukingo ukifanya mawimbi usiyoyakusudia, huenda vimezidi. Tatu, loweni kipande cha uzi wa rangi pamoja na kitambaa cheupe, mwone kama wachuja. Kosa la namna hizi litamwudhi mnunuzi nyumbani kwake, lirekebisheni. Yaliyosalia ni alama ya mkono, nayo yaacheni.

Katika miaka ya 1840, njaa ilipoipiga Ireland baada ya viazi kuoza mashambani, wanawake wengi walifuma lesi ya kroshia wakaiuza, wapate kulisha watoto wao. Maua yake yalifumwa moja moja, mara nyingi na mikono mbalimbali, kisha yakaunganishwa kuwa vazi moja. Mikono hiyo haikulingana, na bado matajiri waliinunua.

Neno la mwisho ni la sokoni. Mnunuzi akishika kitambaa na kukisifu, msiseme, "Samahani, hapa nimekosea." Mwenye kusema hivyo hujipunguzia bei kwa ulimi wake mwenyewe. Ikiwa pana kosa la kweli, mwelezeni waziwazi na bei ipungue, kwa kuwa uaminifu ndio mtaji. Ikiwa halipo, tajeni bei yenu, kisha nyamazeni.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, fungueni sanduku. Kitambaa kilichopita majaribu hayo matatu, kesho kiende sokoni. Kwaherini.