Maji ya Mto na Vipimo Vyake
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini, katika shughuli za maji. Nitasema juu ya jambo moja tu, ambalo Kidato cha Tano hulipitia wiki ya kwanza na kulisahau wiki ya pili: dimensheni. Wanafunzi wengi hudhani kazi yake ni kukagua kama fomula imeandikwa sawasawa. Mimi nasema inaweza kukupa hiyo fomula hata kama hukufundishwa.

Tukitaka kujua kijito kina maji kiasi gani, tunakiziba kwa bamba la chuma lenye mkato wa umbo la V, pembe yake nyuzi 90. Maji hupita mkatoni, nasi tunasoma kimo chake kutoka ncha ya chini ya V. Swali ni hili: kimo hicho kinatuambia nini juu ya mita za ujazo zipitazo kila sekunde?

Tujiulize ni vitu gani vinahusika. Kimo, ambacho ni mita. Mvutano wa dunia, ambao ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Je, uzito wa maji? Huo una kilo ndani yake, na jibu tunalolitaka halina kilo. Wala hapana kitu kingine cha kuzifuta, tukiacha kunata kwa maji ambako katika kimo cha kutosha si kitu. Basi uzito unajitoa wenyewe. Sasa tazameni sekunde. Jibu linataka sekunde moja chini ya mstari, na mvutano unazo mbili. Hivyo tunachukua kipeuo cha pili cha mvutano, yaani mzizi wake. Mzizi huo umekuja na nusu ya mita, na jibu linataka mita tatu. Mbili na nusu zilizobaki lazima zitoke kwenye kimo, maana hapana pengine pa kuzitoa. Kwa hiyo mtiririko ni namba fulani, mara mzizi wa mvutano, mara kimo kwa kipeo cha 2.5.

Hiyo 2.5 si mchezo. Taarifa moja iliwahi kuletwa mezani kwangu kuhusu chanzo cha maji ya bomba la vijijini. Masika kimo kilikuwa sentimita 20, kiangazi sentimita 10. Mwandishi akaandika kwamba maji hupungua nusu. Sivyo! Kimo kikipungua nusu, maji hupungua zaidi ya mara tano na nusu. Masika kijito kile kilitoa lita 25 hivi kwa sekunde. Kiangazi lita 4.4 tu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku. Kwa hesabu ya mwandishi, kiangazi kingehudumia watu zaidi ya 42,000. Kwa hesabu ya kweli, watu 15,000, tena bila kumwachia tone mkulima aliye chini ya mto. Mabomba yalikuwa bado hayajaagizwa, alhamdulillahi.

Njia hii imefanya makubwa zaidi ya hayo. Bomu la kwanza la atomiki lililipuliwa New Mexico, Marekani, tarehe 16 Julai 1945. Mwaka 1950 Mwingereza Geoffrey Taylor alichapisha hesabu za nguvu yake, akitumia picha za mpira ule wa moto zilizoonyesha muda na ukubwa wake. Nishati, msongamano wa hewa, nusu kipenyo na muda vina njia moja tu ya kuungana: msongamano mara nusu kipenyo kwa kipeo cha tano, gawa kwa muda kwa kipeo cha pili. Alipata karibu tani 17,000 za TNT.

Lakini dimensheni haitoi ile “namba fulani” ya mbele. Taylor aliitafuta kwa hesabu ndefu. Sisi wa mito huitafuta kwa ndoo na saa. Vijana, chukueni debe, kateni V ya nyuzi 90 ubavuni, lijazeni kwa mpira wa bombani mpaka kimo kitulie, kisha kingeni maji kwa ndoo na kuhesabu sekunde. Pimeni kwa vimo vitano au sita. Namba yenu isiwe mbali na 0.44. Ikiwa mbali, tazameni kwanza kama mmeanzia kupima kwenye ncha ya V au kwenye kitako cha debe.