"Mzee Wangu Ameamka?"

Leo nataka kuungama kwenu jambo moja la nyumbani kwangu.

Sisi watu wa Embu humpa mwana wa kwanza jina la babu yake mzaa baba, na majirani zetu wa Meru nao huwapa watoto majina ya wazee wao. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, basi mtoto akaitwa kwa jina lake. Kila asubuhi mama alikuja mlangoni akiuliza, "Mzee wangu ameamka?" Mtoto akilia, humwambia, "Hata zamani hukupenda kungojea chakula." Watu wote wakicheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka karibuni katika mafunzo ya uinjilisti. Nikamwambia, "Mama, wafu hawarudi. Hayo ni mambo ya giza."

Akanitazama. "Mwanangu, kaburini nilikuwapo. Nilitupa udongo kwa mkono huu."

Tangu siku hiyo alimwita "mtoto" tu.

Kabla misheni haijafika Kigari mwaka 1910 na Kaaga mwaka 1912, wafu wengi wa kwetu hawakuzikwa, walilazwa porini. Hapakuwa na kaburi la kwenda kutazama. Lililobaki ni jina, nalo lilikuwa likikimbia uani kwa miguu ya mjukuu. Marehemu Profesa John Mbiti, kasisi, jirani yetu wa Ukambani ng'ambo ya mto Tana, aliandika mwaka 1969 kwamba aliyekufa huhesabiwa kama yu hai maadamu yupo amkumbukaye kwa jina.

Kumwaga pombe chini na kumwomba marehemu mvua au uzazi, hilo silifundishi. Yuko Mmoja wa kuombwa. Lakini mama hakuomba kitu. Alikuwa akimsalimu mumewe. Na Bwana Yesu, alipojibizana na Masadukayo, aliwataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo kuwa watu walio hai kwa Mungu. Somo hilo la Luka 20 nililihubiri mara nyingi, nisilione mlangoni pangu.

Miaka ikapita, mama akaugua. Nikamwita mwanangu, wakati huo kijana wa sekondari, nikamsimamisha kando ya kitanda. Nikasema, "Mama, mzee wako amekuja."

Akamshika mkono, akamwuliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Kijana akajibu, "Wamekunywa."