Kiti cha fakilte ya sheria hakinunuliwi



Matokeo ya EXETAT yakitoka, wengi kati yenu mtaenda kujiandikisha fakilte ya sheria. Tunafurahi. Lakini kila mwaka tunasikia maneno haya: «Tafuta mtu wa ndani, umupe kitu kidogo, jina lako litatoka kwenye liste.» Leo tunasema: hapana!

Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inakataza mtu kushikiliwa kasho zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Mama wa soko akikamatwa, atahitaji avoka mwenye kujua kifungu hicho. Avoka aliyeingia kwa bahasha atamusaidia nini? Naye atamuomba bahasha.

Basi tujitayarishe. Vyuo vingine vinafanyisha mtihani wa kuingia, vingine vinatazama asilimia ya diploma. Nenda usome tangazo lenyewe ukutani, usitosheke na maneno ya WhatsApp. Dosie yako itengeneze mapema, na nakala zake. Pesa lipa banki ao kwenye kese, na risi iwe na jina lako. Mtu akikataa kutoa risi, hayo si malipo ya shule. Andika tarehe, kiasi na ofisi, ulete kwetu. Barua tutaiandika pamoja, hautakuwa peke yako.

Kuhusu mtihani: masomo ya sheria yanatolewa kwa Kifaransa, na hapo wengi wanaanguka. Si kwamba hawana akili. Kila siku chukua kifungu kimoja cha Katiba. Kisome kwa Kifaransa, ukieleze rafiki yako kwa Kiswahili, halafu ukiandike tena kwa Kifaransa, kwa maneno yako mwenyewe. Kwa miezi 2 utakuwa umepita vifungu 60 kati ya 229.

Mukifika kifungu cha 142, simameni kidogo. Kinaagiza Serikali itangaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu 4 za taifa, ndani ya siku 60. Nani katika mtaa wenu amewahi kupokea sheria kwa Kiswahili? Kazi hiyo inawangoja ninyi.

Safari ni ndefu: miaka 3 ya licence, 2 ya master, kisha 2 ya staji kwa mwenye kutaka kuwa avoka. Tuianze kwa mikono safi.