Kompyuta Ilipoganda, Tukamshika Asiye Mwizi

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Barua ya Katibu ilinitaka nichague jambo la kazi yangu litakalowafaa vijana. Kazi yangu ni kutunza kompyuta. Ningeweza kuwasimulia mafanikio, lakini mafanikio husimuliwa hapa kila mwaka, na wasemaji wake ni wengi. Leo nimeona heri nisimulie kosa. Kosa hilo ni langu.

Mwaka 2013 nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika chama kimoja cha wakulima wa pamba, kanda ya Ziwa. Jina lake nalihifadhi. Tulikuwa na kompyuta moja iliyotunza hesabu zote: mkulima fulani kaleta kilo ngapi, na anadai kiasi gani. Ilitumia mfumo endeshi wa Linux. Makarani wa mizani walikuwa ghalani, na takwimu zao zilifika ofisini kwa mtandao wa bila waya. Aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo alikuwa kijana aliyemaliza shule hii hii, akisubiri kwenda chuo.

Basi msimu ulipochanganya, kompyuta ikaanza kuganda. Mara nyingi ilikuwa alasiri, foleni inapokuwa ndefu. Picha inabaki kwenye kioo, saa ya pembeni imesimama, kipanya hakisogei. Tunabonyeza swichi mpaka inazimika, kisha tunaiwasha upya. Ikizinduka, hesabu za dakika za mwisho hazimo. Mkulima anasimama dirishani na stakabadhi yake mkononi, na kompyuta inasema haimjui.

Ndugu zangu, pesa ya mkulima ikipotea hakosekani mwenye kunong'ona. Ikasemwa kwamba kijana anaigandisha makusudi ili afute hesabu na kujipatia chochote. Wakubwa wakaniita mimi, fundi, wakaniuliza, "Je, jambo hilo linawezekana?" Nikajibu, "Huenda." Sikuwa nimechunguza kitu. Neno hilo moja lilitosha. Jioni ile kijana alifunga begi lake akaenda zake, na mama yake aliyapata maneno kabla ya kumwona mwanawe.

Siku ya nane baada ya kuondoka kwake, kompyuta iliganda tena. Safari hii aliyekuwa kitini ni mimi.

Sasa niruhusuni nieleze kidogo, maana bila hayo kisa hakitafahamika. Programu mnazoziona, ya kuandikia barua au ya kupigia hesabu, hazigusi vifaa vya mashine zenyewe. Huomba. Anayeombwa ni kiini cha mfumo endeshi, ambacho mafundi hukiita kerneli. Ndicho kigawacho kumbukumbu, ndicho kipangacho zamu za kutumia prosesa. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini, na leo ndicho kilichomo ndani ya simu za Android. Najua ninyi vijana hamna simu mabwenini, kwa hiyo nawaambia wazee tu.

Programu ya kawaida ikikorofisha, kiini huitoa nje na nyingine zikaendelea, kama kiranja amtoavyo mkorofi mmoja bwenini na wengine wakalala. Lakini kiini chenyewe kikikwama, nani atakitoa? Hakuna aliye juu yake.

Na ndani ya kiini zimo draiva. Draiva ni programu inayojua lugha ya kifaa kimoja, kama kadi ya picha au kadi ya mtandao. Aghalabu huja kama moduli, yaani kipande kinachopachikwa ndani ya kiini mashine ikiwa inafanya kazi. Moduli ikishaingia huwa na mamlaka yote ya kiini. Ni mgeni aliyepewa funguo zote za nyumba.

Moduli nyingi za Linux ziko wazi: maandiko yake ya asili husomwa na yeyote, na mwenye ujuzi huweza kuyasahihisha. Nyingine hutolewa na kampuni zikiwa zimefungwa. Unapewa kipande kinachosomwa na mashine tu, na maandiko ya asili hubaki kabatini kwa mwenyewe. Kadi yetu ya mtandao wa bila waya ilikuja na moduli ya namna hiyo.

Kiini hukwama vipi? Sababu mojawapo kubwa ni kufuli. Sehemu mbili za kiini zikitaka kugusa kitu kimoja, hapana budi moja ishike kufuli na nyingine ingoje. Sasa fikirini wanafunzi wawili. Wa kwanza ana ufunguo wa maktaba na anangoja ufunguo wa maabara. Wa pili ana ule wa maabara na anangoja ule wa maktaba. Hakuna atakayeachia alichonacho kabla ya kupewa anachokitaka. Watasimama pale mpaka kengele ya chakula, na kwa kompyuta kengele hiyo hailii.

Basi nilianza upya, safari hii kwa utaratibu. Nitaueleza ili vijana mnaopenda kazi hii mwondoke na kitu mkononi.

Kwanza, usikimbilie swichi. Bonyeza kitufe cha Caps Lock na utazame taa yake. Nenda kwenye kompyuta nyingine, uiite ile iliyoganda kwa amri ya ping. Taa ikiitika, au wito ukijibiwa, kiini kingali na uhai, na huenda kilichokufa ni picha tu. Linux ina njia ya dharura: shika Alt na SysRq pamoja, kisha gonga R, E, I, S, U, B, taratibu, moja baada ya nyingine. Herufi hizo huirudisha kibodi mikononi mwa kiini, huziomba programu zifunge kazi, huziua zilizokaidi, huandika diskini yaliyokuwa yakingoja, huzifunga diski zisiandikwe tena, kisha huwasha mashine upya. Baadhi ya mifumo hufunga njia hii mpaka msimamizi aifungue. Laiti ningaliifungua mapema, wakulima wachache zaidi wangalipoteza hesabu zao.

Pili, ondoa sababu nyepesi. Nilifungua ubavu wa mashine nikakuta vumbi la pamba limeziba feni. Nikalisafisha. Ikaganda tena. Nikaipima kumbukumbu usiku kucha kwa programu ya Memtest86+. Haikuonyesha kasoro.

Tatu, mpate shahidi. Kiini cha Linux kina mlinzi, mafundi humwita mbwa wa ulinzi. Kwa mpangilio wa kawaida, prosesa ikikaa ndani ya kiini kiasi cha sekunde 20 bila kupisha zamu, mlinzi hubweka, yaani huandika taarifa. Shida ni kwamba mashine iliyoganda mara nyingi haiwezi kuiandika taarifa hiyo diskini. Kwa hiyo niliunganisha waya wa siriali kutoka kompyuta ile hadi kompyuta kuukuu, nikaiamuru itoe maneno yake yote huko. Nikangoja.

Siku ya nne, yapata saa tisa alasiri, iliganda. Kwenye kioo cha ile kuukuu mistari ikateremka: prosesa moja imekwama kwa sekunde 22. Chini yake ikafuata orodha ya kazi zilizokuwa zikiitana wakati wa kukwama. Jina la moduli ya kadi yetu ya bila waya lilikuwa juu kabisa, na likarudiwa mara kadhaa. Karibu nalo palikuwa na herufi moja: P.

Ndugu Mwenyekiti, herufi hiyo ndiyo iliyonitia haya. Moduli iliyofungwa ikipachikwa, kiini hujiandikia doa. P ni alama ya doa hilo, nalo halifutiki hata ukiichomoa moduli, mpaka mashine iwashwe upya. Lakini doa si hukumu. Maana yake ni kwamba ndani ya kiini kimeingia kitu kisichoweza kusomwa, na kwa hiyo watunzaji wa Linux wakiletewa lalamiko lenye doa hilo huweza kukuambia urudi ulipate tena bila moduli ile. Hawasemi imekosa. Wanasema hawawezi kuitolea ushahidi.

Tazameni basi. Mashine isiyo na roho ilijua kutenganisha kisichojulikana na kilichothibitishwa. Mimi, niliyefundishwa katika madarasa haya, sikujua.

Nne, jaribu kwa kutoa na kurudisha. Niliizuia moduli ile, nikawasha mashine upya, tukavuta waya wa mtandao kutoka ghalani. Siku 14 zikapita bila kuganda hata mara moja. Nikairudisha moduli, siku ya pili ikaganda. Nikaitoa, kukatulia. Hapo ndipo nilipoweza kusema "ndiyo" badala ya "huenda".

Tuliwaandikia wenye kadi. Wakajibu tuweke toleo jipya. Tukaliweka, na hali ikawa ile ile. Kasoro ilikuwa ndani ya kabati ambalo sisi hatukuwa na ufunguo wake. Mwisho tulinunua kadi nyingine, ambayo draiva yake iko wazi na imo ndani ya Linux yenyewe. Msimu ulikwisha kwa amani.

Labda mtu atauliza, je, kila kilichofungwa ni kibaya? La hasha. Draiva za wazi nazo hukosea. Tofauti ni kwamba penye uwazi kosa huweza kutafutwa na mtu yeyote mwenye subira. Kampuni nyingine zimekwisha kuliona hilo. NVIDIA, iliyolaumiwa miaka mingi, ilitoa hadharani maandiko ya moduli zake za kiini mwezi Mei 2022.

Wala jambo hili si la Linux peke yake. Tarehe 19 Julai 2024, draiva ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, iliyomo ndani ya kiini cha Windows, ilipokea faili lenye kasoro. Programu ilitarajia vipengele 20, faili likataka 21, ikasoma mahali pasipo pake, na kiini kikaanguka. Microsoft ilikadiria kompyuta 8,500,000. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha matibabu, na mafundi wengi walilazimika kwenda kwenye mashine moja moja kulifuta faili lile.

Vijana, mtasahau habari za draiva. Wengine mtakuwa waganga, wengine mahakimu, wengine wakulima. Lakini siku moja kitu kitaharibika mbele yenu, na aliye karibu nacho atakuwa mtu mdogo asiye na wa kumsemea. Mtaulizwa, "Je, ni yeye?" Msijibu upesi. Kama hamjui, semeni hamjui, kisha mkatafute waya na kompyuta kuukuu, mngoje siku nne.

Kijana niliyemsema yumo ukumbini humu. Ameniruhusu kusimulia, ila jina nisilitaje. Barua ya kumsafisha niliiandika mwaka ule ule, na chama kilimlipa mshahara wake uliobaki. Lakini maneno yaliyosemwa hadharani hayafutwi kwa barua ya bahashani. Nimengoja kikao chenye watu wanaomjua. Ndugu yangu, nilikukosea. Naomba radhi mbele ya walimu wako na wangu.

Shule yetu idumu.